Kengele ya Wifi

Wageni walioalikwa kuzungumza kwenye klabu ya akina mama waliogopa kitu kimoja tu, na hakikuwa maswali. Maswali yanajibika, mtu akibanwa sana husema suala hilo linafanyiwa kazi, akapiga funda la maji, akaendelea. Walichokiogopa ni kengele.

Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, ile ya kugonga kwa kiganja, na kila Jumamosi ya mkutano ilikaa mezani mbele ya Mama Kengele, kando ya saa yake ya mkononi aliyoivua na kuilaza chali. Mgeni alipewa nusu saa. Nusu saa ikiisha, ting! Unamaliza sentensi yako unaketi. Kama sentensi yenyewe ni ndefu kama reli, unaketi nayo.

Jina hilo la Mama Kengele hakupewa na wazazi wake. Alikuwa mwoka mikate, tanuri lake lipo nyuma ya soko, na zamani watu walimwita Mama Mikate tu. Siku zile klabu haikuwa na kengele, na ndiyo maana bwana mkubwa mmoja wa ofisi fulani, aliyealikwa kuzungumzia usafi wa maji, aliamua kuzungumzia maisha yake tangu alipozaliwa. Alipofika darasa la nne chai ilikuwa imepoa. Alipofika kwenye kazi yake ya kwanza, nusu ya akina mama walikuwa wamekwishakwenda kupika. Maji safi hayajafikiwa hadi leo.

Mkutano uliofuata, Fundi alikuja na kengele ndani ya mkoba.

Fundi alikuwa fundi wa nguo za kike, na dada wa marehemu mume wa Mama Kengele. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa mawifi, na wifi ni mtu anayejua pa kukufinya. Mume alipofariki, watu walidhani uwifi wao nao umekwisha, kila mtu atashika njia yake. Badala yake ndiyo kwanza wakagandana. Hapakupita siku bila mmoja kumpitia mwenzake, ama kuomba chumvi, ama kumwambia gauni lake linamzeesha.

"Hii ilikuwa kwenye kaunta ya duka langu," Fundi aliwaambia siku ile, akiinua kengele wote waione. "Wateja walikuwa wakiigonga kuniita nikiwa nyuma kwenye cherehani. Lakini duka lenyewe ni dogo, mteja akikohoa tu namsikia. Chukueni." Kisha akamgeukia mwoka mikate. "Wifi, wewe unajua mkate ukizidishwa motoni unavyokuwa. Na hotuba ni hivyo hivyo. Mtu akizidisha, gonga. Awe nani, gonga. Hata nikiwa mimi."

"Wewe hasa," alijibu wifi yake, na ukumbi mzima ukacheka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu juu ya duka la rangi. Ngazi zake zilinuka rangi mpya hata sikukuu, na ukikaa karibu na dirisha la nyuma ulisikia vijana wa duka wakikoroga ndoo. Humo ndimo kengele ilipojipatia sifa. Ilimkata mhadhiri wa chuo katikati ya neno gumu ambalo hakuna aliyejua lingeishia wapi. Ilimkata mshauri wa ndoa alipokuwa anaanza kuwasifu waume. Siku moja ya nyimbo za zamani, waimbaji wa kikundi walikatwa kwenye kiitikio, wakabaki wameacha midomo wazi kama makinda. Hata mheshimiwa mmoja alikuja. Siku hiyo Mwenyekiti wa klabu, mkunga mstaafu aliyekuwa na moyo laini kwa kila kinachopumua, alimkonyeza Mama Kengele amwachie kidogo. Mama Kengele aliutazama ukonyezo huo kama inzi aliyetua mezani, akagonga.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akina mama waliupenda sana msemo huo wakati msumeno ulipokuwa unakata wageni.

Basi ikaja Jumamosi moja ambayo mgeni aliyetangazwa ni daktari wa macho. Akina mama walipanda ngazi wakiwa na miwani mikobani na maswali ya bure tayari ulimini. Wakamkuta Fundi amesimama mbele.

"Daktari amepata udhuru," alisema Mwenyekiti. Alisema huku akitazama dirishani, maana hakuwa mzoefu wa uongo. "Leo mgeni wetu ni wa humu humu."

Watu wakapiga vigelegele. Fundi alikuwa mwanzilishi wa klabu, lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama mbele kuhutubia. Kazi yake ilikuwa kumimina chai na kuwacheka waliosimama. Isitoshe, sauti yake siku hizo ilikuwa ikikwaruza. Kwa miezi kadhaa alikuwa akizungumza kama jogoo aliyenyeshewa, na utani ulikuwa mwingi. Yeye mwenyewe alisema ni vumbi la vitambaa. Wifi yake alimpelekea asali na tangawizi, akamkemea kwa kukaa kwenye upepo, akaona amemaliza kazi ya kumjali.

Siku ile Fundi alivaa gauni la buluu lenye kola ndefu. Akapiga funda la maji, akaanza na kitambaa.

"Kitambaa kina uso na kina mgongo," alisema. "Kama mtu tu. Ukikata bila kuuliza uso uko wapi, umekiaibisha, nacho kitakuaibisha." Akaeleza jinsi anavyopitisha mkono juu ya mahameli ili ajue manyoya yamelala upande gani. Akasimulia habari ya bibi harusi mmoja aliyepimwa akiwa mwembamba, akaanza kula kwa wasiwasi wa harusi, na kila wiki Fundi akaongeza kipande ubavuni hadi gauni likawa vipande vitupu na bibi harusi ndani. Akina mama walilia kwa kucheka. Sauti ile mbovu ndiyo iliyozidisha, maana alipofika mahali pa kuigiza bibi harusi akipumua, ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Alikunywa maji mara nyingi. Alipoteza njia, akairudia, akapotea tena. Mama Kengele alicheka mpaka akashika mbavu, lakini jicho moja lilikuwa kwenye saa. Ndivyo alivyokuwa, hata msibani alijua ni saa ngapi.

Nusu saa ilipokaribia, alihisi anatazamwa. Mwenyekiti alikuwa amemtolea macho, akitikisa kichwa kidogo kidogo, hapana, hapana. Mama Kengele akasikia hasira ikimpanda. Anaanza tena, aliwaza. Leo anataka nimpendelee wifi yangu, kesho watu waseme kengele inachagua sura. Akanyoosha mkono juu ya shaba.

Fundi aliweka bilauri mezani. Uso wake ulibadilika, kicheko kikauondoka chote.

"Na sasa, ndugu zangu, niwaambie hasa kilichonisimamisha hapa leo. Mimi..."

Ting!

Ukumbi ukaangua kicheko kuliko vyote vya siku ile. Wengine walisimama kupiga makofi. Aliyeleta kengele kakatwa na kengele! Fundi alibaki ameacha mdomo wazi, akimtazama wifi yake, na wifi yake akamrudishia tabasamu la ushindi, kama kawaida yao.

"Tumwongezee," Mwenyekiti alisema akiinuka. "Jamani, leo tumwongezee..."

Lakini Fundi aliinua kiganja. "Hapana," alisema. "Kengele ni kengele." Akaketi, akaomba kikombe cha chai, akakishika kwa mikono miwili bila kukinywa.

Jioni ile Mama Kengele alimsimulia kila aliyekuja kununua mkate. "Hata wifi yangu nimemgonga," alisema. Alifurahi kweli kweli, na ni vizuri msomaji alijue hilo, kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumkaba baadaye.

Siku chache baadaye, asubuhi, binti yake Fundi alisimama kwenye mlango wa tanuri. Alikuwa na kandambili miguuni na gauni la nyumbani, mtu ambaye kwa kawaida hatoki bila kupiga pasi.

"Mkazamjomba, mama yuko hospitali. Anaingia kupasuliwa asubuhi hii. Ana uvimbe kooni."

"Uvimbe gani? Mbona ni vumbi?"

"Si vumbi. Wanaitoa sehemu yote inayotoa sauti. Hatazungumza tena."

Mama Kengele alikuwa ameshika koleo la mikate. "Atapona lakini?"

"Wanasema atapata muda," alisema binti. "Sauti ndiyo hatapata."

"Na asiniambie mimi?"

Binti akatazama chini. "Alisema atawaambia nyote pamoja, Jumamosi. Alisema akikwambia peke yako atalia, na akianza kulia hatasema tena."

Mama Kengele alitoka mbio na aproni yake. Mikate aliyoiacha motoni iliungua ikawa makaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tanuri lile lijengwe. Alipofika wodini, akapewa kitanda kitupu cha kutazama na kandambili mbili chini yake. Walikuwa wamekwishamwingiza. Alikaa kwenye benchi akijaribu kukumbuka neno la mwisho alilolisikia kwa sauti ile, na kila alipotafuta alikuta ni lile lile. Kengele ni kengele.

Fundi alirudishwa nyumbani baada ya wiki kadhaa. Kitanda chake kilivutwa karibu na dirisha, kando ya cherehani iliyofunikwa shuka. Shingoni alifunga kitambaa chepesi, na chini yake kulikuwa na tundu la kupumulia lililotoa mlio kama wa mtu anayepuliza chai. Mkononi alikuwa na chaki yake ya kupimia na kipande cha kitambaa cheusi. Akitaka kitu aliandika neno moja, dirisha, au maji, kisha akalifuta kwa kiganja. Hakuwahi kupenda kuandika, na ugonjwa haukumgeuza.

Akina mama wa klabu walikuja kumwona wawili wawili. Na sijui ni kwa nini watu wakikaa na mtu asiyeweza kusema huanza kunong'ona, kana kwamba ni masikio yake yaliyokatwa. Waliingia kwa vidole vya miguu. Walimuuliza binti, "Anakula? Analala vizuri?" na mwenyewe amelala pale pale macho yamemtoka. Wakamaliza kutazama pazia, wakatazama mikono yao, wakaaga kwa kupunga, hata kwaheri hawakuisema. Walimaanisha heshima. Baada ya muda wawili wawili wakawa mmoja mmoja, na mmoja naye akaanza kupata shughuli.

Mama Kengele hakukosa siku. Alimletea mkate laini uliolowekwa kwenye maziwa, akamlisha, akamkunjia shuka, akaketi. Lakini aliketi kama gunia. Yeye aliyekuwa hawezi kupita dirishani pa wifi bila kumtupia neno, sasa alikaa jioni nzima mdomo umefungwa. Aliona aibu. Kila neno lililokuja ulimini alilirudisha, maana nani amempa haki ya kusema, yeye aliyemkatiza mwenzake kwenye neno lake la mwisho? Fundi alimtazama. Mara nyingine alimtazama muda mrefu, kisha akageuzia uso dirishani.

Siku moja Mama Kengele alishindwa kuvumilia. "Wifi," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Siku ile, ulitaka kutuambia nini?"

Fundi alichukua chaki. Akaandika polepole, akamgeuzia kitambaa asome.

Muda uliisha.

Mama Kengele alisoma, akasoma tena. Ingekuwa sauti, angejua. Miaka yote hiyo alikuwa akijua kwa sauti tu kama wifi anamtania au anamchoma, kwa namna alivyolivuta neno, kwa kicheko kilichojificha nyuma yake. Sasa alikuwa na maneno mawili meupe kwenye kitambaa cheusi, na hakujua kama ni mzaha au ni kisu. Alipoinua macho amtazame usoni, Fundi alikuwa amekwishafuta na amefumba macho. Mama Kengele alitoka akalia njia nzima, bila kujificha, watu wakimpisha.

Mkutano uliofuata hakwenda. Alimtuma mtu apeleke taarifa kwamba klabu itafute mwingine wa kugonga kengele. Kengele yenyewe aliibakiza kwake, juu ya kabati, imefunikwa bakuli, ili isimtazame.

Mwenyekiti alimfuata tanurini. Mkunga yule alikuwa mnene na magoti yalimsumbua. Mpaka aje mwenyewe, ujue jambo ni zito. Akajiketisha kwenye kibao, akamwangalia mwenzake anavyokanda unga kwa hasira.

"Nilikukonyeza," alisema.

"Nilikuona. Nilidhani unataka nimpendelee."

"Nilikuwa nataka umpendelee! Kuna siku mtu anapendelewa, mwenzangu. Hata mikate, si kuna ule unaoutoa mapema kwa sababu mtoto analia njaa?"

Mama Kengele aliacha kukanda. "Wewe ulijua."

"Nilijua. Alinikataza kusema. Alikuja jikoni kwangu, akajifunza hotuba yake pale mbele ya jiko, mara nyingi, mpaka mimi nikawa naijua. Ile habari ya bibi harusi haikuwamo. Aliitia kwa sababu aliogopa kufika mwisho."

"Na mwisho ulikuwa nini? Nimemuuliza akaniandikia kwamba muda uliisha."

Mwenyekiti alicheka kidogo, na hapo hapo akapangusa macho. "Ndiye huyo. Hawezi kuacha." Akajiweka sawa kwenye kibao. "Alikuwa aseme hivi, na ninakupa kama alivyonipa. 'Ndugu zangu, mimi nakwenda kunyamazishwa. Nikinyamazishwa, msininyamazie.' Basi. Halafu alikuwa aombe chai."

Mama Kengele aliketi juu ya mfuko wa unga. Mikono yake ilikuwa imeganda unga uliokandwa hadi viwikoni, na aliishika mbele yake kama si yake.

"Na mimi nimekaa pale," alisema. "Kila jioni. Kimya."

"Sote," alisema Mwenyekiti. "Mimi mwenyewe niliyeyajua maneno, nilienda nikanong'ona. Ulimi ulikataa."

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," alikubali mkunga, akiinuka kwa kushika ukuta. "Lakini kisima si kipo? Kateke mengine."

Jumamosi iliyofuata Mama Kengele alipanda ngazi za duka la rangi na kengele yake mkobani. Mgeni alikuwa yule daktari wa macho aliyeahirishwa. Alizungumza, akazidisha, akagongwa, akaketi. Kabla chai haijamiminwa, Mama Kengele alikwishachukua kengele na kushuka.

Alimkuta Fundi ameegemea mito. Hakuketi. Alichukua sinia dogo, akaliweka kitandani, akaweka kengele juu yake, akauchukua mkono wa wifi na kuulaza juu ya shaba. Kisha akaenda kusimama miguuni pa kitanda, akavuta blauzi, akakohoa kama wanavyokohoa wageni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu wanaklabu," alimwambia yule mtu mmoja. "Nimepewa nusu saa. Nikizidisha, gonga. Mimi hasa. Lakini kabla ya mada, Wifi, nina neno. Nilikukata kauli, kisha nikakunyamazia. Lile la kwanza sikujua. La pili nilijua, kila siku nilijua, nikakaa tu. Nisamehe. Nimeona aibu mpaka nimekuwa mjinga, nimekuacha peke yako humu ndani na mimi nimekaa hapa hapa, na wewe..."

Ting!

Mama Kengele alishtuka. Fundi alikuwa anamtazama, mkono juu ya kengele, mabega yakitikisika. Hakuna sauti iliyotoka, ni mlio tu wa pumzi kwenye tundu la shingo, hef, hef, hef, na machozi yakimtiririka hadi kwenye kitambaa. Alikuwa anacheka. Binti alikuja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini, akawakuta watu wazima wawili wamekumbatiana, sinia limeanguka, na mmoja anasema kwa kwikwi, "Haya, haya, nimesikia, naenda kwenye mada."

Akaenda kwenye mada. Akamwelezea mboni na mtoto wa jicho, akamwigiza daktari anavyovua miwani kila anapotaka kuonekana ana akili. Akaeleza nani alisinzia na nani aliuliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa habari za mkwe wake. Alipotia chumvi sana, ting! Alipozidisha muda, ting!

Tangu hapo ikawa hivyo. Mgeni akizungumza Jumamosi mchana juu ya duka la rangi, jioni alizungumza tena kwa kinywa cha Mama Kengele, miguuni pa kitanda. Alikuja mwanamke aliyekuwa anaendesha treni. Alikuja mzee wa kike anayefinyanga vyungu, akaacha udongo kwenye viti vyote. Ikaja siku ya mashairi, na Mama Kengele, asiyeweza kutofautisha shairi na ubao wa kukandia unga, akayakumbuka nusu nusu na kujaza yaliyobaki mwenyewe, mpaka kengele ikalia kama ya shule. Akina mama wengine walisikia, wakaanza kuja. Kwanza waliogopa, wakanong'ona. Fundi akawagonga. Wakajifunza kusema kwa sauti, wakagombana mbele yake, wakasengenya, wakamuuliza yeye mwenyewe kama anakula, na akaandika kwamba anakula vibaya kwa sababu mwoka mikate ni yule yule. Chumba kikawa na kelele mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani.

Muda ule aliopewa na madaktari haukuwa mrefu. Mtu akipewa muda badala ya kupona, lazima siku moja autumie wote. Fundi alianza kukonda, shavu likaingia ndani, chaki ikawa inamponyoka. Uvimbe ulikuwa umerudi, na safari hii hawakusema habari ya kisu. Binti aliambiwa ampe mama anachotaka. Alipomuuliza, mama aliandika neno moja, na herufi zake zilikuwa zimelala kama majani: Jumamosi.

Jumamosi hiyo mgeni alikuwa mwanamke mfuga nyuki. Mama Kengele hata hakumngoja amalize. Alimwachia Mwenyekiti kazi ya kumkatiza kwa kupiga meza. Alikimbia na kengele kifuani.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi kitandani. Fundi alikuwa ameinuliwa kwenye mito mitatu, macho nusu yamefumba. Mama Kengele aliweka sinia mahali pake, akaweka kengele, akaulaza ule mkono juu yake. Ulikuwa mwepesi na wa baridi. Kidole kimoja kiligusa shaba, kikaipapasa, kama alivyokuwa akipapasa mahameli kutafuta yamelala upande gani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wanaklabu," alianza. "Leo ni nyuki."

Akasimulia. Akasema mzinga una malkia mmoja na wengine wote ni mawifi. Akangoja. Akasema kwamba nyuki akipata maua mazuri hurudi akawachezea wenzake ngoma, ili wajue njia. "Kama wewe ulivyocheza kwenye harusi yangu, isipokuwa nyuki anacheza vizuri." Akangoja tena. Pumzi ilikuwa inapita kwenye tundu, taratibu, na katikati yake nafasi ndefu.

Basi akaanza kusema uongo. Alijua wifi yake haachi uongo upite. Akasema mgeni amekuja na nyuki mmoja mkubwa kama mkate wa siagi, amemfunga kamba. Akasema nyuki huyo ameketi kiti cha Mwenyekiti akanywa chai. Akasema amemuuma mheshimiwa yule wa zamani, mahali ambapo hapasemeki, na mheshimiwa ameomba nusu saa alieleze jambo hilo. Sauti ilimkwaruza, naye akaipandisha. Jua lilisogea kutoka kitandani likapanda ukutani. Saa yake ya mkononi ilikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuitazama.

Binti aliingia na bakuli la maji ya vuguvugu. Akasimama. Alimtazama mama yake, akausikiliza ule mlio wa pumzi mahali ulipokuwa ukitoka, akaweka bakuli chini, akashika mdomo.

"Mkazamjomba," alisema. "Mkazamjomba, muda umekwisha."

Mkono wa Fundi ulikuwa pale pale juu ya shaba, umetulia.

"Kengele haijalia," alisema Mama Kengele. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni na hakuyafuta. Akavuta blauzi, akajikohoza, akamgeukia wifi yake. "Basi, Wifi, huyo nyuki akaomba kikombe cha pili."